Cherehani ya Kubebeka Mgongoni

Shamba la Bwana Miwani,
Kabazi, Subukia,
Wilaya ya Nakuru.
14 Juni, 1953.

Mpendwa wifi yangu Wamaitha,

Nakuamkua wewe, nakuamkua baba watoto, na hao watoto wote mpaka yule wa mwisho ambaye sijamshika. Mko wazima huko Jinja? Ule mguu wa baba watoto uliovimba, umeshuka? Na mbu wa ule mto wenu, bado wanawala usiku kama ulivyoniambia? Sisi hapa miili ni mizima. Kaka yako Thuo ana kile kikohozi chake cha majira ya baridi, lakini anakunywa uji na analala. Mimi mwenyewe mwili hauniumi. Kinachoniuma nitakuambia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua watoto wako ndio watakusomea, na Kikuyu chetu hawakijui. Kama anayesoma ni yule mkubwa, mwambie awafukuze wadogo nje kwanza, wakacheze. Barua hii haipiti posta. Nimempa Namalwa, mke wa yule fundi wa reli, anayekwenda kwao kuzika. Ameahidi kuvuka nayo mpaka Tororo na kumpa mtu wenu. Kwa hiyo nasema yote.

Kwanza asante kwa msaada uliotuma kwa ajili ya cherehani ya Wachuka. Ulifika salama. Wachuka aliposikia alipiga kigelegele mpaka mbwa wa Memsahib wa Bwana Miwani wakabweka. Ndiye anayebeba jina la mama yako, na kweli umemtendea kama mama yako. Mungu akuongezee ulipopunguza.

Lakini wifi, usikasirike. Ulisema tununue ile kubwa ya miguu, yenye meza na droo, ili mtu akiingia nyumbani aone kwamba hapa kuna fundi. Hatukununua hiyo. Tumenunua kitu kidogo, ukikiona utadhani ni mchezo wa watoto. Ngoja nikueleze sababu, usije ukasema wifi yako amekula pesa.

Huyu mtoto wako hashoni tu, wifi. Kushona nguo kila mtu anashona. Yeye anashona zile blanketi za vipande ambazo Wazungu wanaziita kwilti. Memsahib alimfundisha kwa mapazia yake mabovu: unakata vipande, unaviunga mpaka vinakuwa shuka la maua, halafu chini unaweka shuka jingine, katikati unatandaza manyoya ya kondoo yaliyochambuliwa, kisha unashona juu kwa juu ili manyoya yasihame. Sasa Memsahib mwenyewe amekubali kwamba ameshindwa. Analala chini ya kazi ya mwanangu, na wageni wake kutoka Ndabibi wakija wanaingizwa mpaka chumbani kuonyeshwa. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu la misheni, nilikuwa najiona. Lakini mbele ya mikono ya Wachuka nafunga mdomo. Au ningeufunga, ingekuwa heri. Utasikia.

Alikuwa anashonea cherehani ya Memsahib, kule verandani. Tangu mambo haya ya watu wa msitu yaanze, Memsahib hataki mtu wetu hata mmoja karibu na nyumba. Amemwambia Wachuka, bila kumtazama usoni, "Usije tena mpaka nikuite." Hajamwita.

Sasa, cherehani ya miguu. Unamkumbuka Wangeci, tuliyechuma naye pareto ulipokuja kututembelea, yule aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini? Walikuwa shamba la pili kutoka letu, ng'ambo ya mto. Alikuwa na cherehani ya miguu, ya chuma, ndiyo iliyomsomeshea watoto. Malori yalikuja kwao asubuhi ya Jumatano, hakuna aliyeambiwa. Sisi tulikuwa juu kwenye pareto, tukaona kila kitu kama mtu anayetazama mchwa. Watu wakaambiwa: beba unachoweza kubeba mwenyewe, basi, panda lori, mnarudishwa rizavu, kwenu Ukikuyuni. Rizavu ipi, wifi? Wangeci amezaliwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Hata huyo Thuo wenu alikuja akiwa mgongoni.

Wangeci na binti yake wakaishika ile cherehani huku na huku, wakaifikisha mpaka kwenye lori. Askari akaipiga teke mguu wake. Akasema, "Hii itakalia nafasi ya watu wangapi?" Wakaiacha pale pale. Mpaka leo iko kando ya dipu ya ng'ombe, imenyeshewa, imeshika kutu, kuku wanapanda juu yake. Kila nikipita nageuza uso. Na Wangeci hatujui alishushwa wapi, na anakula nini.

Tangu siku hiyo, wifi, gari lolote likipanda kilima mimi nasimama. Nikiwa na sufuria mkononi naiweka chini. Hata trekta la shamba, ambalo sauti yake naijua kama kikohozi cha Thuo, linanitoa jasho. Nikamwambia Wachuka: tutanunua cherehani, lakini tutanunua ile inayoweza kupanda lori.

Karani wa shamba akatuandikia chiti ya kwenda Nakuru na kurudi siku ile ile. Tukaenda dukani kwa Pradeep, yule Mhindi wa barabara ya sokoni, mwenye mke anayeitwa Shakuntala. Wachuka alikuwa amebeba kipande chake cha kujaribia: mashuka mawili na manyoya katikati, kinene kama mkate. Fundi wa kweli hanunui cherehani kwa kuitazama rangi.

Pradeep akatuletea kwanza ya miguu. Nikasema hapana kabla hajaiweka sawa. Akaleta ya mkono, ya chuma cheusi, ndani ya sanduku la mbao lenye kitasa. Wachuka akaweka kipande chake, akazungusha. Ilikula ule unene kama ng'ombe anavyokula majani. Nikajaribu kuinyanyua. Wifi, nilidhani wameigongomea mezani.

Ndipo akaleta ya stima. Nyepesi! Unaibeba kwa mkono mmoja. Imetoka ng'ambo majuzi, inang'aa, ina taa yake ndogo inayomulika sindano. Pradeep akaichomeka ukutani, Wachuka akakanyaga, ikalia kama nyuki, na mshono ulionyooka hivyo sijaona tangu nizaliwe. Uso wa mtoto ukabadilika kama wa mtu anayechumbiwa.

Pradeep akasema, "Hii ndiyo ya kisasa, mama. Chukua hii. Fundi mzuri, mashini mzuri."

Nikamwuliza, "Ikikosa stima?"

"Nakuru yote iko stima, mama!"

Ningemwambiaje mbele ya watu kwamba siulizi habari ya Nakuru? Dukani walikuwamo watu nisiowajua, na siku hizi humjui anayenunua sukari na anayenunua maneno. Nikasema tu, "Kwetu hakuna." Wachuka akaondoa mguu polepole. Huyo ndiye niliyemlea.

Ikabaki moja, iliyokuwa juu ya rafu kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ndogo, ya mkono, mwili wake si wa chuma, ni wa bati lile wanalotengenezea sufuria nyeupe. Wachuka akaijaribu. Alipoinua mguu unaobana kitambaa, kipande chake kilipita kwa shida, lakini kilipita. Sindano ikashuka, ikapanda, haikupinda. Shida akaiona mara moja: nafasi iliyo chini ya mkono wa mashine ni finyu, kwilti nzima iliyokunjwa haipiti. Akafikiri kidogo. Akasema, "Nitashona sehemu sehemu, kila moja na manyoya yake, halafu niziunge mwisho." Hilo Memsahib hakumfundisha! Limetoka kichwani mwake, pale pale, mbele ya Mhindi. Nikawatazama waliokuwa dukani nione kama wamesikia.

Sasa, kupima uzito. Unajua mimi siendi sokoni bila mukwa wangu, ule mkanda wa ngozi. Nikautoa, nikaifunga cherehani pamoja na sanduku lake, nikaupitisha kwenye paji la uso, nikainama, nikasimama nayo mgongoni kama kuni. Nikatoka nje ya duka. Nikatembea mpaka kwa fundi viatu, nikarudi. Wifi, watu walicheka! Mmoja akapaza sauti, "Mama, hiyo hushona, haichanjwi!" Pradeep alinifuata mbio akidhani naiba. Wachuka akaning'ata sikio: "Mama, tafadhali. Watu wanatutazama." Nikamwambia, "Wacha watazame. Sasa wewe."

Shakuntala peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma ya meza akipima kamba za viatu. Akaja, akasimama karibu nami sana, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyinyi nataka hamishwa?"

Macho yangu yakajibu.

Akasema, "Mimi natoka kwetu kwa miguu, wakati nchi yetu nakatwa mbili. Mimi nabeba chungu ya shaba, chungu ya harusi. Asubuhi napenda hii chungu sana. Jioni natupa ndani ya shamba ya mtu." Halafu akanifungua ule mukwa yeye mwenyewe. "Wewe napima mbaya. Napima na tumbo imeshiba. Hapana. Pima kama hujala. Pima kama mvua nanyesha na mtoto nashika nguo yako."

Akaitoa cherehani ndani ya sanduku, sanduku akalisukuma kando kwa mguu. "Hii mbao nusu ya uzito. Hii ni ya kupendeza wageni." Akafungua ule mkono wa kuzungushia, ukatoka, akautia mfukoni mwa gauni la Wachuka. Kisha akauliza, "Nyinyi nafanya kwilti? Basi kwilti ndiyo sanduku. Funga ndani. Askari naona matandiko, hapana ona mashini."

Pradeep akamsemesha kwa Kihindi, kama anayeuliza kwa nini anaharibu sanduku zuri. Akamjibu neno moja, na Pradeep akaanza kufuta miwani.

Wachuka akaivaa ile cherehani bila sanduku. Akatembea mpaka kwa fundi viatu na kurudi, na kurudi tena, shingo imenyooka. Nikajua ndiyo hii. Wifi, si nzuri kuliko zote. Ile ya stima ilikuwa nzuri kuliko zote, na mtoto aliiaga kwa kuishika kidogo tulipokuwa tunatoka. Lakini hii itafika atakapofika.

Laiti mambo yangeishia hapo, barua yangu ingekuwa ya furaha.

Tulipofika darajani karibu na kwetu, basi lilisimamishwa. Askari wengi, na Mzungu mmoja kijana akivuta sigara kando ya gari lake. Tukaambiwa: Wakikuyu shukeni, chuchumaeni huku. Wengine bakini ndani. Tukachuchumaa. Mzigo ulikuwa mgongoni mwangu, umefungwa ndani ya kwilti ya kwanza kabisa ya Wachuka, ile ya nyota, tuliyoichukua kuwaonyesha wenye duka. Askari mmoja, wenzake wanamwita Kimaiyo, akaugusa kwa ncha ya bunduki. Ikalia: ti.

Wifi, nilisikia bunduki zote zikigeuka. Mzungu akatupa sigara.

"Tua. Polepole. Fungua."

Nikafungua. Wakaiona. Kimaiyo akaigeuza geuza, akachungulia zile springi na vyuma vyake, maana wanasema watu wa msitu wanatengeneza bunduki kwa vyuma vya namna hiyo. Akauliza, "Mbona umeificha?"

"Sijaificha, afande. Nimeifunga isiumie."

"Inashona nini?"

Ningesema aproni. Ningesema kaptura za watoto wa shule. Lakini mimi, wifi, unanijua. Mtu akiniuliza habari za watoto wangu mdomo unakimbia mbele. Nikasema, "Inashona kwilti, afande! Blanketi ya joto kuliko zote za madukani. Huyu binti yangu ndiye fundi, anajulikana mpaka Ndabibi. Akikushonea huyu, hata ukilala nje kule Nyandarua, baridi haikupati."

Nilisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Wale waliochuchumaa karibu nasi wakasogea, kama mtu anavyosogea moto ukiruka.

Kimaiyo akasema polepole, "Nani analala nje Nyandarua?"

Kila mtu Kenya hii anajua ni watu wa msitu wanaolala nje Nyandarua.

"Nauliza, mama. Binti yako anamshonea nani?"

Akachomoa kisu cha bunduki, akaipasua ile kwilti ya nyota kutoka juu mpaka chini, akitafuta barua, akitafuta risasi, sijui. Manyoya yakaruka na upepo. Akamshika Wachuka mkono akamsimamisha. Nikaona kichwani wanavyomtia katika lile gari na mimi nabaki na vitambaa.

Wachuka akacheka. Wifi, alicheka! Kicheko kidogo, cha aibu, cha msichana ambaye mama yake amemwaibisha kanisani. Akasema, "Afande, msamehe mama. Hujisifu sana huyu. Hata kuku wake anasema hutaga mara mbili, mchana na usiku. Uliza mtu yeyote wa Kabazi."

Askari wa nyuma akacheka puani. Mwingine akasema, "Kama mama mkwe wangu."

Kimaiyo hakucheka. Akanigeukia. "Ni kweli, mama? Unajisifu?"

"Ni kweli, afande."

"Kwa hiyo binti anajua kushona au hajui?"

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ananitazama pia, na macho yake yananiambia: sema.

"Hajui, afande."

"Paza sauti."

"Hajui kushona! Ameanza juzi. Kazi yake ikifuliwa inafumuka. Hata Memsahib amemfukuza kwa sababu hiyo."

Nililisema kwa sauti watu wa basi zima wakalisikia. Majirani zangu wamo, wale niliowasumbua kwa sifa zake miaka yote hii. Kimaiyo akasukuma cherehani kwa buti kunielekea. "Beba. Wewe msichana, jina lako nani? Wachuka. Haya. Wachuka tutamkumbuka."

Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni nikaketi chini, na yeye ndiye aliyenipikia chai. Thuo alisikia yote, akatoka akaenda kusimama na ng'ombe mpaka giza.

Wachuka amekwisha kuishona ile kwilti. Ule mpasuko ameupitishia kitambaa chekundu toka juu mpaka chini, na Mungu anisamehe, inapendeza kuliko mwanzo. Anashona mchana tu, mlango wazi, kila apitaye aone ni nini. Mimi nakaa mlangoni nikichambua maharagwe ambayo yamekwisha kuchambuliwa.

Sasa habari ya mwisho. Ijumaa Bwana Miwani alitukusanya. Alisema amewaomba wakubwa watuache, lakini jambo hili limekwisha kutoka mikononi mwake, na malori yanakwenda shamba kwa shamba. Hakusema siku. Aliondoka kabla hatujauliza.

Kwa hiyo, wifi, usijibu kwa anwani hii. Namalwa alitaka aichukue cherehani aje nayo kwako, maana yeye si Mkikuyu, hawamshushi basini. Nilifikiri, nikakataa. Cherehani ikiwa Jinja, mwanangu atakula nini huko tutakakotupwa, kwenye ardhi isiyotujua? Nimeamua ibaki naye. Ila tega sikio. Watu wakitoka katika rizavu kuja huko kwenu kutafuta kazi, uulize kama wamemwona msichana mrefu anayeshona blanketi za vipande. Ukisikia yuko mahali, mtumie salamu kabla hujaniulizia mimi.

Kila asubuhi kabla ya kazi tunafanya mazoezi. Hatunywi chai kwanza. Yeye anabeba cherehani, mimi nabeba sufuria na unga, baba yake anabeba godoro, tunapanda kilima mpaka kwenye dipu ya shamba letu na kurudi. Watu wakiuliza tunasema tunakwenda kuteka maji. Siku za kwanza alikuwa akisimama kunisubiri, maana magoti yangu ni ya zamani. Jana nilimkataza. Nilimwambia, "Siku ile kutakuwa na makelele na vumbi na watu wengi. Wakitutenganisha, panda lori utakaloambiwa. Ukinisikia nakuita jina, usiutue mzigo."

Akaweka mukwa sawa kwenye paji la uso, akaanza kupanda, na safari hii hakugeuka.

Nisalimie baba watoto kwa heshima zote. Nisalimie Waithaka mkubwa, na mdogo wake, na huyo mchanga mumpake mafuta kichwani kwa mkono wangu. Msalimie na yule jirani yako Nanyama aliyenitumia samaki wakavu. Thuo anakusalimu, amesimama hapa anasema niandike kwamba hana hofu. Nimeandika. Mungu aliyekuvusha ule mto ukiwa bibi harusi awafunike nyote chini ya bawa lake, na atuachie sisi nafasi pembeni.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na nitakayekupenda popote watakaponishusha,

Wangui wa Thuo,
mama Wachuka.